Mauaji ya Kimbari na Chuki dhidi ya Wayahudi katika Elimu ya Uraia

Elimu kuhusu mauaji ya kimbari humfundisha mwanafunzi jinsi serikali, vyombo vyake na raia wa kawaida walivyowahi kushirikiana kuangamiza kundi zima la watu, na ni wapi mambo yangeweza kuzuiwa kabla hayajafika huko. Katika nchi nyingi mada hii huanzia kwenye somo la historia, kwa kuwa huko ndiko kwenye tarehe, nyaraka na ushahidi. Polepole imeingia pia katika elimu ya uraia. Sababu ni kwamba wauaji hawakuwahi kufanya kazi hiyo peke yao. Walihitaji sheria iliyotiwa saini na waziri, orodha ya majina iliyoandaliwa na karani, tangazo lililosomwa redioni, na jirani aliyenyamaza au aliyechukua nyumba iliyoachwa wazi. Sheria, vitambulisho, vyombo vya habari na ujirani ni mada ambazo somo la uraia linazifundisha tayari.

Maana yake kisheria

Mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland aliyekimbilia Marekani, ndiye aliyelipa kosa hili jina mwaka 1944. Tarehe 9 Desemba 1948 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari, siku moja kabla ya Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu. Mkataba huo unalinda makundi ya aina nne: ya taifa, ya kabila, ya mbari na ya dini. Unataja vitendo vitano: kuua watu wa kundi, kuwadhuru vibaya kimwili au kiakili, kuwawekea hali ya maisha itakayowamaliza, kuwazuia wasizae, na kuwahamisha watoto wao kwa nguvu kwenda kundi jingine. Kitendo chochote kati ya hivyo huwa mauaji ya kimbari kikifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi hilo, lote au sehemu yake.

Sharti la nia ndilo linalowatatiza wanafunzi, maana wengi hudhani idadi ya waliokufa ndiyo inayoamua. Hapa mfano wa Srebrenica, mji mdogo wa Bosnia, unasaidia. Julai 1995 waliuawa huko wanaume na wavulana wa Kiislamu wapatao 8,000, na mahakama za kimataifa ziliamua kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari. Vita vingi vimeua watu zaidi ya hao bila kupewa jina hilo, kwa kuwa nia ya kulifuta kundi haikuthibitishwa. Mwanafunzi aliyeielewa tofauti hii halitumii neno hilo ovyo kama tusi la kisiasa, na halikwepi pale linapostahili.

Chuki dhidi ya Wayahudi

Mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, yaani Holokosti, ndiyo yanayofundishwa kwa mapana zaidi. Kati ya mwaka 1941 na 1945 Ujerumani ya Wanazi na washirika wake waliua Wayahudi wapatao milioni 6, wakiwamo watoto karibu milioni moja na nusu. Katika kambi ya Auschwitz pekee, iliyokuwa kwenye ardhi ya Poland iliyotekwa, waliuawa watu wapatao milioni 1.1, na karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi. Wanazi waliwaangamiza pia watu wa jamii za Roma na Sinti, na watu wenye ulemavu.

Hata hivyo, inawezekana kufundisha Holokosti bila kueleza chuki iliyoizaa. Chuo kikuu cha University College London (UCL) kilichapisha mwaka 2016 utafiti uliowahoji wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari nchini Uingereza. Wengi walijua kambi na majina ya viongozi, lakini zaidi ya theluthi mbili hawakujua maana ya neno la Kiingereza linalotaja chuki dhidi ya Wayahudi, na wengi waliona kosa lote ni la Hitler. Mtoto anayetoka darasani na jibu hilo amejifunza kwamba msiba mzima uliletwa na mtu mmoja mwovu. Kwa elimu ya uraia, hilo ni sawa na kutojifunza kitu.

Chuki hii ilitangulia Unazi kwa karne nyingi. Katika Ulaya ya zama za kati Wayahudi walilaumiwa kwa kifo cha Yesu, na mwaka 1215 mtaguso wa Kanisa uliagiza watambulike kwa mavazi yao. Uingereza iliwafukuza mwaka 1290, Hispania mwaka 1492. Tauni ilipoenea Ulaya mwaka 1348 na 1349 walisingiziwa kutia sumu visimani, na jumuiya nzima zikachomwa moto, ingawa wao pia walikuwa wakifa kwa tauni hiyo hiyo. Katika karne ya 19 chuki ilibadili sura. Badala ya dini, hoja ikawa damu na mbari, na kwa sababu hiyo Myahudi aliyebatizwa hakusalimika tena. Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilichapa maandishi yaliyodaiwa kuwa siri za wazee wa Kiyahudi wanaopanga kuitawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, ukurasa kwa ukurasa, kwamba sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864 kilichomkejeli Napoleon III na kisichozungumzia Wayahudi hata kidogo. Uongo ulifichuliwa, lakini maandishi hayo yanasomwa hadi leo.

Kuna jambo linaloitofautisha chuki hii na ubaguzi mwingine mwingi. Mbaguzi kwa kawaida humwona anayembagua kuwa duni. Anayewachukia Wayahudi huwaona kuwa duni na hapo hapo kuwa na nguvu za siri: wameshika benki, magazeti, vita na maradhi. Kwa hiyo chuki hii hufufuka kila panapotokea janga lisiloeleweka upesi, na inaweza kuota hata mahali ambapo hakuna Myahudi anayeishi.

Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki kwa namna yake. Mwanafunzi wa huku hukutana na Wayahudi kwanza katika Biblia au Kurani, kisha katika habari za vita vya Mashariki ya Kati. Ni nadra kuwasikia kama watu wa kawaida wenye majirani, ingawa Nairobi kuna sinagogi, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya ya Waafrika iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ambayo Idi Amin aliipiga marufuku kufuata dini yake.

Shule ilipokuwa chombo cha chuki

Sehemu muhimu ya mada hii inaihusu shule yenyewe. Wanazi walishika madaraka Januari 1933. Tarehe 7 Aprili mwaka huo sheria ya utumishi wa umma iliwaondoa kazini walimu wa Kiyahudi. Tarehe 25 Aprili sheria nyingine iliweka kikomo cha asilimia 1.5 kwa wanafunzi wapya wa Kiyahudi katika shule za sekondari na vyuo, kwa kisingizio cha kupunguza msongamano. Vitabu vya hesabu viliwapa watoto maswali ya kukokotoa gharama ya kuwatunza wagonjwa wa akili, ili wazoee kuwaona kama hasara. Mwaka 1938 kampuni ya mchapishaji Mnazi Julius Streicher ilichapa kitabu cha picha cha watoto kilichomfananisha Myahudi na uyoga wenye sumu. Tarehe 15 Novemba 1938 watoto wa Kiyahudi waliosalia walifukuzwa katika shule za umma. Kuanzia Septemba 1941 kila Myahudi aliyetimiza miaka sita alilazimishwa kuvaa nyota ya njano hadharani. Mwezi uliofuata treni za kuwahamisha zilianza kuondoka Berlin.

Mtaa wa Bayerisches Viertel jijini Berlin unaonyesha hatua hizo kwa njia inayofaa sana kwa mafunzo. Tangu mwaka 1993 nguzo za taa za mtaa huo zina vibao 80 vilivyobuniwa na wasanii Renata Stih na Frieder Schnock. Upande mmoja wa kibao una picha sahili kama ya kitabu cha watoto, na upande wa pili una amri ya serikali pamoja na tarehe yake. Picha ya mkate imeambatana na amri ya mwaka 1940 kwamba Wayahudi wa Berlin wanunue chakula kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni tu. Picha ya paka imeambatana na amri ya mwaka 1942 iliyowakataza kufuga wanyama wa nyumbani. Amri moja moja inaweza kuonekana kero ndogo. Zikipangwa kwa tarehe, zinaonyesha jinsi mtu alivyoondolewa katika maisha ya mtaa muda mrefu kabla ya kuondolewa duniani.

Rwanda na mahakama ya Arusha

Kwa msomaji wa Kiswahili, mauaji ya kimbari yaliyo karibu zaidi ni yale ya Watutsi nchini Rwanda, yaliyoanza tarehe 7 Aprili 1994 na kudumu siku zipatazo 100. Umoja wa Mataifa unakadiria waliouawa kuwa 800,000, na serikali ya Rwanda inasema walizidi milioni moja. Wahutu waliopinga mauaji waliuawa pia. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya takriban saa 24. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia jeshi la waasi la RPF lililokuwa likisonga mbele, na miongoni mwao walikuwamo waliohusika na mauaji.

Chombo kilichorahisisha kazi ya wauaji kilikuwa kadi ya karatasi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulianza kuandika kabila la kila mtu katika kitambulisho, na serikali zilizofuata uhuru wa mwaka 1962 hazikuufuta utaratibu huo. Kadi ilikuwa na picha, kazi ya mwenyewe, mahali alipozaliwa na mstari ulioandikwa Hutu, Tutsi, Twa na aliyepewa uraia; yasiyomhusu mwenye kadi yalikatwa kwa kalamu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari huo uliamua nani apite na nani auawe. Hata madarasani, miaka kabla ya hapo, walimu walikuwa wakiwasimamisha watoto kwa kabila ili kujaza takwimu, na wapo waliojua kabila lao siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Redio RTLM, iliyoanza matangazo mwaka 1993, iliwaita Watutsi mende, na mauaji yalipoanza ilisoma majina ya watu na mahali walipojificha. Baadhi ya waliohusika walishtakiwa Arusha, ambako Umoja wa Mataifa uliweka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (ICTR), iliyoundwa kwa azimio la Novemba 1994. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Akayesu aliwahi kuwa mwalimu na mkaguzi wa shule. Mwaka 2003 waanzilishi wawili wa RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura walitiwa hatiani pia, kwa maneno waliyotangaza na kuchapisha. Kesi hizo ziliendeshwa katika jengo la mikutano la AICC katikati ya mji, na kumbukumbu zake bado zinahifadhiwa Arusha.

Mitaala ya nchi mbalimbali

Nchi hazifundishi mada hii kwa namna moja. Nchini England Holokosti ni lazima katika somo la historia tangu mtaala wa taifa wa mwaka 1991. Nchini Ujerumani inafundishwa katika historia na katika elimu ya siasa, na walimu huongozwa na misingi mitatu iliyokubaliwa Beutelsbach mwaka 1976: mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kufuata maoni yake; jambo linalobishaniwa na wataalamu au wanasiasa lifundishwe kama jambo lenye ubishi; na mwanafunzi awezeshwe kuichambua hali ya kisiasa na nafasi yake ndani yake. Msingi wa pili hauruhusu mdahalo wa kama Holokosti ilitokea au la, maana ushahidi umekwisha kulithibitisha hilo. Unachoruhusu ni kujadili kwa nini ilitokea, nani alijua nini, na leo kumbukumbu yake itunzwe vipi.

Afrika Kusini imeiweka Holokosti katika mtaala wa darasa la 9, sambamba na historia ya ubaguzi wa rangi. Wanafunzi husoma sheria za Nuremberg za mwaka 1935, zilizopiga marufuku ndoa kati ya Myahudi na asiye Myahudi, kisha husoma sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1949 iliyopiga marufuku ndoa za rangi tofauti, na ile ya mwaka 1950 iliyomsajili kila mtu kwa rangi yake. Ulinganisho huo hauyafanyi mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja. Mwanafunzi huona kwamba sheria za kuwagawa watu zilifanana, na kwamba moja ilifika kwenye maangamizi na nyingine haikufika.

Rwanda ilisimamisha kwa miaka mingi kufundisha historia yake, kwa kuwa vitabu vya zamani vilikuwa vimesaidia kueneza chuki. Mtaala ulioanzishwa mwaka 2015 uliyafanya mauaji ya kimbari kuwa mada inayopita katika masomo yote, ikiambatana na elimu ya amani na maadili. Kanda nzima ina wajibu wake. Itifaki ya kuzuia mauaji ya kimbari, iliyo sehemu ya mkataba wa nchi za Maziwa Makuu uliotiwa saini Nairobi Desemba 2006, inazifunga pia Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Kongo.

Namna ya kufundisha

Jambo la kwanza ni umri. Taasisi nyingi zinazotoa mafunzo kwa walimu hushauri kwamba mauaji yenyewe yaanze kufundishwa mtoto akiwa na miaka 12 hadi 14. Kabla ya hapo hufundishwa haki, kutengwa, na madhara ya kumbandika mtu jina baya. Picha za maiti huepukwa au hutumika kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mtoto aliyeshtuka huacha kufikiri, na waliouawa hubaki miili isiyo na majina.

La pili ni kuanza na maisha ya watu. Idadi ya milioni haishikiki akilini mwa mtoto. Katika jumba la kumbukumbu la Gisozi, Kigali, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000, kuna chumba cha watoto. Ukutani zimetundikwa picha kubwa za watoto waliouawa, na chini ya kila picha imeandikwa jina, umri, chakula au mchezo alioupenda, na namna alivyouawa. Mwanafunzi anayesoma maandishi hayo anakutana kwanza na mtoto aliyeishi, kisha na kifo chake.

La tatu ni kutofanya maigizo. Mwalimu anayeligawa darasa kuwa wauaji na wahanga, au anayewafungia wanafunzi chumbani ili waonje hali ya kambi, huishia kuwaumiza baadhi na kuwachekesha wengine, na wote hutoka wakidhani wameelewa jambo lisiloweza kuigizwa. Nyaraka hufanya kazi hiyo vizuri zaidi: amri, kadi, tangazo, barua, ushahidi wa manusura. Darasa la kidato cha pili linaweza kupewa amri kumi za Berlin bila tarehe, likazipanga kwa mfuatano, kisha likaulizwa: katika kila hatua, nani aliitia saini, nani aliitekeleza, nani alifaidika, na nani angeweza kukataa?

Swali la mwisho hufungua habari za waliokataa. Oktoba 1943 Wadenmark waliwavusha Wayahudi zaidi ya 7,000 kwa mashua hadi Sweden. Nchini Rwanda, Zura Karuhimbi, mwanamke mzee aliyeogopwa kwa uganga, alificha watu wapatao 100 nyumbani kwake na kuwatishia wauaji kwamba mizimu itawashukia. Machi 1997 wapiganaji walivamia shule ya sekondari ya Nyange na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa, na leo wanahesabiwa kuwa mashujaa wa taifa. Mwalimu hupaswa kusema pia kwamba watu kama hao walikuwa wachache, ili darasa lisidhani kwamba wengi walisaidia.

Maswali magumu

Darasani lazima litatokea swali la Israel na Wapalestina. Kulizuia huwafanya wanafunzi walitafutie jibu kwenye simu. Msingi wa kuanzia ni kwamba kupinga matendo ya serikali ya Israel, kama ya serikali yoyote, ni haki ya raia. Na kumlaumu Myahudi yeyote popote kwa matendo hayo, au kuleta tena ule uongo wa Wayahudi wanaoitawala dunia kwa siri, ni chuki. Mpaka kati ya hayo mawili unabishaniwa na wataalamu wenyewe. Fasili ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyopitishwa mwaka 2016 na IHRA, muungano wa kimataifa wa kumbukumbu ya Holokosti, imekubaliwa na serikali nyingi, na Tamko la Jerusalem la mwaka 2021 lilitolewa na wanazuoni walioiona kuwa na utata. Darasa la sekondari ya juu linaweza kusoma zote mbili.

Suala jingine ni ukanushaji. Utafiti wa UNESCO na Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya maandishi ya hadharani kuhusu Holokosti kwenye mtandao wa Telegram yaliikanusha au kuipotosha. Mauaji ya Rwanda nayo yana wakanushaji wake. Darasani, mwanafunzi hufundishwa kuuliza chanzo cha habari, kutofautisha hoja na ushahidi, na kutambua mbinu ya mtu anayedai anauliza tu.

Mipaka ya elimu hii nayo inajulikana. Maofisa 15 walikutana Wannsee, karibu na Berlin, tarehe 20 Januari 1942 kuratibu mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, na zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada ya uzamivu. Kwa hiyo usomi peke yake si kinga, na mtihani wa tarehe na idadi haupimi kilichokusudiwa. Kipimo kinachofaa somo la uraia ni kumpa mwanafunzi hotuba, sheria au tangazo asilowahi kuliona, kisha kuangalia kama anaweza kuonyesha ni kundi gani linalotengwa, ni haki ipi inayoondolewa, ni chombo gani cha umma kinachotumika, na ni hatua gani halali ambayo mwalimu, karani, hakimu, mwandishi wa habari au jirani angeweza kuichukua wakati huo.